Kilichomo Ndani ya Bomba

Kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, hakina mto wala ziwa, na maji yanayonywewa na watu wake yamekuwa yakitoka mbali tangu miaka ya 1950, katika chemchemi za Mzima zilizo kwenye nyika ya Tsavo, yakishuka kwa bomba kuu lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 mpaka pwani, na kusaidiwa na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na maji ya Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi kusini; ilhali kabla ya hayo wenyeji walitegemea visima vya mitaani na mabirika ya misikiti, ambayo baadhi yake yangaliko katika Mji wa Kale hata leo. Juu ya safari hiyo ndefu pamesemwa mengi, aghalabu kwa malalamiko, maana maji ya mfereji Mombasa huja kwa ratiba yake yenyewe na huondoka bila ya kuaga. Lakini zile pima chache za mwisho, ambapo bomba huupenya ukuta wa mawe ya matumbawe kutoka kichochoroni mpaka jikoni, hazijapata msemaji, na makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Bomba hilo zamani lilikuwa la chuma, nalo likaliwa na kutu upesi kwa chumvi ya hewa ya bahari. Leo ni la plastiki, na ijapokuwa lile la kijani ambalo mafundi huliita PPR linazidi kupendwa katika nyumba mpya, bado sehemu kubwa ya mabomba yaliyokwisha kulazwa kisiwani, ya maji safi na ya maji machafu, ni ya namna ile inayojulikana na kila mtu kwa herufi zake tatu, PVC. Plastiki hiyo hiyo ndiyo inayoifunika waya ya umeme darini, ndiyo pazia la bafuni, ndiyo ngozi ya bandia iliyovishwa kiti cha tuktuk, na ndiyo mashavu ya mwanasesere anayeuzwa siku za Idi. Katika plastiki zote ambazo binadamu ametengeneza kwa wingi, hii ndiyo iliyohitaji dawa nyingi zaidi ili iweze kuishi, na miongoni mwa zile kongwe na zenye madhara makubwa ni risasi.

Sababu yake ni ya kimaumbile. PVC kwa uzito wake ni klorini zaidi ya nusu, na klorini hiyo imeshikamana na wenziwe kwa mkono mlegevu. Ili unga wake ufinyangwe kuwa bomba au waya, sharti upashwe moto kati ya nyuzi 160 na 200, na ajabu yake ni kwamba kabla haujafika huko huanza kuvunjika, ukitoa asidi ya hidrokloriki; na asidi hiyo ikishatoka haiendi zake, bali hurudi ikauchochea utoe nyingine, na ile nyingine ikachochea ya tatu, mpaka kile kilichokuwa cheupe kikawa cha manjano, kikawa cha kahawia, kikaishia cheusi na chenye kuvunjika kwa kidole. Kwa hiyo hapana kiwanda duniani kinachoweza kutengeneza bomba la PVC kwa PVC peke yake. Lazima pachanganywe unga wa kutuliza, wenye kazi ya kuidaka asidi ile inapozaliwa, kabla haijaleta fitina.

Asiyeamini na akae karibu na fundi wa maji. Hivi karibuni nilisimama katika kichochoro kimoja cha Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, nikimtazama kijana aliyetaka kuunganisha mabomba mawili, na kwa kuwa soketi ya dukani ina bei yake, aliwasha vipande vya maboksi, akaizungusha ncha ya bomba moja juu ya mwako huo hata ikalegea, akalisukuma la pili ndani yake, kisha akaipoza kwa maji ya kopo. Kazi ilikuwa ya ustadi, wala sikuona tone lililovuja. Lakini pale ulimi wa moto ulipokawia, rangi ya kijivu iligeuka kahawia kama ukoko wa wali, na hewa ya kichochoro ikaingiwa na ukali wa kuwasha pua. Nilimwuliza kama moshi ule haumdhuru. "Tumeuzoea, ami," alinijibu akicheka. "Macho huwasha kidogo, kisha basi." Ukali ule ulikuwa ndiyo asidi yenyewe. Na juu ya vidole vya miguu yake, ndani ya ndara, ulikuwa umetua unga mweupe mwembamba wa bomba alilolikata kwa msumeno, unga ambao ndani yake, ikiwa bomba lilitengenezwa kwa mtindo wa zamani, mna risasi gramu kadhaa katika kila kilo.

Risasi iliingia katika kazi hii miaka ya 1930, pale PVC ilipokuwa inaanza kuwa bidhaa ya soko, na insafu yatutaka tukiri kwamba iliifanya kazi yake vizuri mno. Chumvi zake nyeupe, salfati na stearati, ni rahisi kwa bei. Huidaka asidi bila ya kusita. Na kile kinachozaliwa baada ya kudaka, yaani kloridi ya risasi, hakiyeyuki majini kwa wepesi, hakipitishi umeme, wala hakiigeukii plastiki kuiharibu. Hii ndiyo sababu watengenezaji wa waya za umeme walikuwa wa mwisho kuiacha. Zaidi ya hayo, risasi husamehe: mwendesha mashine akizidisha moto kidogo, au kipimo chake cha joto kikiwa kibovu, bomba hutoka salama vilevile. Kiwanda kilichozoea kusamehewa hakitaki kuhamia kwa bwana mwingine aliye mkali zaidi.

Walakini kile kisichosamehe ni mwili wa mwanadamu. Shirika la Afya Duniani limesema waziwazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili huidhania risasi kuwa ni kalisi, ile madini ya mifupa na meno, huikaribisha, huihifadhi mifupani kwa miaka mingi, na kwa mama mjamzito huitoa tena kutoka mifupani na kumpa mtoto aliye tumboni. Ubongo wa mtoto ndio unaoathirika kwanza na ndio usiopona. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, likishirikiana na shirika la Pure Earth, lilikadiria kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu tano au zaidi katika desilita moja, na wengi wao wako katika nchi za hali ya chini kama yetu.

Nisije nikamtia mtu hofu isiyo na mahali, niseme hapa kwamba hatari kubwa ya bomba lililotulizwa kwa risasi haimo katika bilauri. Risasi iliyofinyangwa ndani ya plastiki imefungika. Bomba jipya hutoa kidogo kutoka kwenye uso wake siku za mwanzo, kisha hupungua, na mwenye wasiwasi anaweza kuyaacha maji yaliyolala bombani usiku kucha yamwagike kwenye ndoo ya kudekia kabla ya kujaza birika. Hatari imelala kwenye ncha mbili za maisha ya bomba: mwanzoni, kiwandani, ambapo kibarua hufungua gunia, hupima unga kwa kata na kuuvuta kwa pumzi yake, na mwishoni, ambapo plastiki hiyo hukatwa, husagwa au huchomwa. Tukilitazama jambo kwa jicho la bilauri peke yake tutajibiwa kuwa maji yamepimwa na hayana kasoro, na jibu litakuwa la kweli, nao wale watu wa ncha mbili wataendelea kudhurika.

Mombasa haina haja ya kufundishwa na mgeni risasi ni kitu gani. Ng'ambo ya daraja la Makupa, upande wa Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, kilianzishwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kuitoa risasi iliyomo na kuiuza nchi za nje, na mpaka kilipofungwa mwaka 2014 moshi wake ulikuwa ukishukia mapaa ya jirani, na maji yake yakitiririka walimochezea watoto. Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka 2009, alishuhudia mwanawe mchanga akiugua maradhi yasiyojulikana mpaka damu yake ilipopimwa na kukutwa na risasi. Akaacha kazi, akawakusanya wanakijiji, akatiwa mbaroni, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwaamuru wahusika, zikiwemo idara za serikali, kuwalipa wanakijiji shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, zaidi ya miaka kumi baada ya tanuu kuzimwa.

Msomaji atasema: hiyo ilikuwa ni betri, si plastiki. Ni kweli, na zaidi ya theluthi mbili, naam zaidi ya nne kwa tano, ya risasi yote inayotumika duniani huingia katika betri, na unga wa PVC na rangi hupata sehemu ndogo tu ya ile iliyobaki. Lakini betri ni sanduku. Lina mwenyewe, lina bei, na mtu akitaka anaweza kulikusanya na kulipeleka mahali pa salama, ijapokuwa Owino Uhuru hapakuwa pa salama. Risasi iliyotiwa katika plastiki imetawanywa punje kwa punje katika mamilioni ya vitu visivyo na alama, nani ataikusanya? Kuitia humo ni kuichukua sumu iliyokuwa imefungiwa na kuipaka dunia nzima kwa wembamba. Na kwa sababu hiyo naona kwamba sehemu hii ndogo yastahili kukatazwa kabla ya ile kubwa, na ndiyo iliyo nyepesi kukatazwa, maana badali yake imekwisha kupatikana.

Na hiyo badali ni nini? Hapa ndipo mtu wa Mji wa Kale angeweza kucheka kidogo. Wakati majahazi kutoka Ghuba na Lamu yalipokuwa yakijaa Bandari ya Kale, chombo kilipopwelewa maji yakitoka, mabaharia walikisugua chini mpaka kwenye mkuku, wakaondoa chaza na mwani, kisha wakakipaka kwa viganja vyao deheni, ambayo ni chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu. Na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake wazee wa mtaa wa Mzizima hawajaisahau. Chokaa inapokutana na asidi zilizo ndani ya mafuta huzaliwa sabuni ya namna ya pekee, isiyotoa povu wala kuyeyuka majini, nayo ndiyo iliyoikinga mbao na mwata. Wanakemia huiita jamii hiyo sabuni za kalisi, na mmoja katika jamii hiyo, stearati ya kalisi, iliyotengenezwa kwa chokaa safi na asidi ya mafuta ya mawese au ya wanyama, pamoja na ndugu yake wa zinki, ndio wanaoichukua nafasi ya risasi katika viwanda vya mabomba. Mawese yenyewe hushushwa Kilindini kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, yakasafishwa hapa hapa pwani yakawa mafuta ya kupikia na sabuni za kufulia. Sisemi kwamba nakhodha wa zamani angeweza kutengeneza bomba. Nasema tu kwamba mwenye kutuambia kuwa badali ya risasi ni kitu kigeni, cha anasa, kisichoweza kupatikana katika bandari hii, hajaiangalia bandari.

Kazi ya sabuni hizo mbili ndani ya plastiki ina mvuto wake, nami nitakawia hapa kidogo. Zinki ndiyo hodari. Huiwahi asidi mara inapochomoza na kuiacha plastiki nyeupe kabisa, lakini ikishashiba hugeuka kuwa kloridi ya zinki, na kloridi hiyo, tofauti na ile ya risasi, ni adui: huichochea plastiki kuungua kwa ghafula, nyeusi mara moja, jambo ambalo mafundi wa viwanda hulihofu kuliko yote. Kalisi ni mzito na hana haraka, na akiachwa peke yake plastiki hutoka na umanjano; bali fadhila yake ni kwamba huibeba asidi kutoka mabegani mwa zinki, akaipokea yeye, na kumrudisha mwenzake kazini akiwa hai. Mmoja huokoa rangi, mwingine humwokoa mwokoaji. Pamoja nao hutiwa wasaidizi, kama vile udongo mweupe wa magnesi na alumini unaoitwa hidrotalsaiti, ambao hufyonza asidi, na mafuta ya soya yaliyobadilishwa kidogo tabia yake. Wamarekani kwa upande wao walichagua tangu zamani kuyatengeneza mabomba yao kwa misombo ya bati, ambayo inafaa, ila ina maneno yake.

Ulaya ilikuwa ikitumia zaidi ya tani 100,000 za unga wa risasi kila mwaka mnamo mwaka 2000. Wenye viwanda wake, waliokuwa wakiliona wingu la sheria likikusanyika, waliahidi kwa hiari yao kwanza kuiacha kadmi, madini nyingine yenye sumu iliyofanya kazi hiyo hiyo ya kutuliza, wakaiacha katika nchi 15 za Umoja wa Ulaya mwaka 2001, kisha kuiacha risasi kabla ya mwaka 2015 kwisha, na ahadi wakaitimiza. Sheria yenyewe ilifuata nyuma, Mei 2023, ikiweka mpaka wa sehemu moja ya risasi katika sehemu elfu za uzito wa PVC, na ikaanza kutumika Novemba 2024, kusudi lake hasa likiwa ni kuzuia bidhaa zinazoingia kutoka nje. India, jirani yetu wa bahari tangu pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, ilitoa kanuni zake mwaka 2021 za kuiondoa risasi katika mabomba na viungo vya PVC. Basi yakini ni kwamba jambo linawezekana, katika nchi tajiri na katika nchi yenye viwanda vidogo vidogo visivyohesabika.

Visingizio vya kutofanya navyo si vya uongo vyote. Unga wa kalisi na zinki una bei ya juu kwa kilo kuliko wa risasi, hutaka joto lililo sawasawa, na mashine kuukuu yenye vipimo vilivyochoka itaunguza plastiki ambayo kwa risasi ingepita. Tena kiwanda hakiwezi kuhama nusu nusu. Mabaki ya risasi yakikutana ndani ya mashine na misombo ya bati iliyo na salfa hutoka madoa meusi, na mabomba ya siku nzima yakawa takataka. Hivyo mwenye kuhama lazima asafishe kila parafujo, auze akiba yake ya zamani au aitupe, na awafundishe watu wake upya. Haya yote ni gharama, na mfanyabiashara ambaye jirani yake haihami atauliza, kwa haki, kwa nini yeye awe wa kwanza. Ndiyo maana jambo la namna hii halimalizwi na dhamiri ya mtu mmoja mmoja.

Risasi haikuja plastikini kwa njia ya unga wa kutuliza tu. Ilikuja pia kwa rangi. Manjano yenye kung'aa na machungwa yasiyopauka kwa jua yalipatikana kwa kromati ya risasi, na manjano mpaka mekundu ya moto kwa misombo ya kadmi, kadmi ikiwa ndiyo madini iliyowavunja mifupa wakulima wa bonde la mto Jinzu huko Japani mpaka serikali yao ikakiri mwaka 1968 kwamba maradhi yao yalitoka migodini. Leo manjano hupatikana kwa vanadati ya bismuthi na kwa rangi za asili ya kaboni, na mekundu ya kawaida kwa kutu ya chuma. Hata hivyo, Tume ya Ulaya yenyewe iliendelea kumruhusu mwenye kiwanda mmoja kuuza rangi za kromati ya risasi kwa matumizi kadhaa, mpaka Sweden ikaishitaki, na Machi 2019 mahakama ikaibatilisha ruhusa hiyo kwa hoja kwamba haikuthibitishwa kuwa badali hazipo.

Mwaka 2018 Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aliyachunguza madude ya kuchezea ya plastiki yapatayo 200 yaliyokuwa yamekwisha kutumika, akakuta risasi, kadmi na wenzao zaidi katika yale ya manjano, mekundu na meusi. Nayataja kwa sababu vitu vya namna hiyo havizikwi Ulaya vinapochakaa. Huingia katika marobota ya mitumba, yakapita Kilindini, yakatandazwa chini pamoja na viatu. Na vile vipya visivyo na jina la mtengenezaji vinavyopangwa viwanja vya Makadara siku za Idi, filimbi, magari, miwani ya manjano, nani kati yetu amewahi kuuliza vimetiwa rangi kwa kitu gani? Mtoto naye hana njia ya kukifahamu kitu ila kwa kukitia kinywani.

Niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi katika barabara ya Digo kusoma yale yaliyoandikwa juu ya bomba lenyewe. Palikuwa na jina la kiwanda, kipenyo, daraja la shinikizo, nambari ya kiwango, na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Palikosekana neno lolote la kusema limetulizwa kwa kitu gani. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya vito na subira ya wafanyabiashara wa zamani, aliligeuza bomba mara mbili kunionyesha kuwa hafichi kitu. "Sheikh wangu," akasema, "watu huuliza kama litapasuka. Hilo unaloliuliza wewe sijaulizwa na mtu, na nikiulizwa sina pa kulitazama." Simlaumu. Muuzaji hawezi kukijua ambacho sheria haijamlazimisha mtengenezaji kukisema.

Na nchi hii si kwamba haina nguvu ya kuamuru. Petroli yenye risasi iliondoka katika vituo vyetu mwaka 2006. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na tuliodhani haitawezekana tukaenda sokoni Marikiti na vikapu. Rangi za nyumba nazo zimewekewa mpaka wa sehemu 90 za risasi katika milioni. Nairobi ndipo mataifa yalipokubaliana Machi 2022 kuandika mkataba wa plastiki, na moja ya mafundo yaliyokataa kufunguka ni hilo hilo la kemikali zilizo ndani yake, hata kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kikavunjika bila ya mwafaka. Ikiwa tutaungoja mkataba huo ndipo tuanze, mabomba mengi yatakuwa yamelazwa.

Hali hiyo yanishughulisha zaidi nikikumbuka ile ncha ya mwisho. Jaa la Kibarani, kando ya njia ya Makupa, lilifuka moshi miaka mingi mbele ya macho ya kila aingiaye kisiwani, na hata lilipofungwa na pahala pake pakapandwa miti, uchomaji haukufungwa pamoja nalo, ulihama. Vijana wanaotafuta shaba huchoma waya kuukuu palipo na uwazi, gamba la PVC likaondoka kwa moshi mweusi na risasi yake, wao wakabaki na fungu la shaba lililotiwa masizi la kupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka yatuhimiza kuirejeleza plastiki, na ni jambo jema. Ila mwenye kuirejeleza plastiki hurithi kila kilichomo, na bomba la zamani lililosagwa hurudi na risasi yake katika bomba jipya. Ulaya wenyewe wameruhusu PVC iliyorejelezwa iwe na risasi zaidi kwa muda, hadi mwaka 2033, lakini katika vitu vigumu vichache tu, na mara nyingi kwa sharti la kuizungushia tabaka la plastiki mpya. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walipounda jahazi lao la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa ufukoni na kulivisha ndara 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka uliofuata, walifanya chaguo ambalo naliona la busara kuliko lilivyosifiwa: plastiki isiyojulikana nasaba yake bora iwe ubao wa chombo kuliko kikombe cha mtoto.

Wateja wakubwa wa mabomba mjini humu si wenye nyumba wa Kibokoni, bali ni kampuni ya maji ya Mombasa, shirika la maji la pwani, serikali ya kaunti na wajenzi wa shule na hospitali, nao hununua kwa zabuni. Zabuni tayari hutaja kipenyo na shinikizo. Haizuiwi na yeyote kutaja pia kwamba risasi isizidi sehemu moja katika elfu kwa uzito, ambao ni mpaka wa Ulaya, na kwamba muuzaji aje na cheti cha maabara. Wala haihitaji kusubiri Bunge. Kuhakikisha si kazi ya siku nyingi: kuna kifaa cha mkononi cha miali ya eksirei ambacho mkaguzi hukielekeza kwenye bomba, waya au mwanasesere, na ndani ya dakika moja kikamsomea risasi na kadmi iliyomo. Bei yake si ndogo, lakini plastiki na unga wake wa kuhudumia Kenya, Uganda na Rwanda huteremshwa kwa wingi katika gati za Kilindini, kwa hiyo vifaa vichache vikiwekwa hapo, na karatasi ya majibu yake ikabandikwa ukutani mahali ambapo fundi na mwenye duka wa barabara ya Digo wanaweza kuisoma, mzee yule wa kofia ya vito atakuwa na pa kutazama.